Kuitunza Insulini Mlimani Pasipo Jokofu

Insulini ni protini. Joto kali huiharibu, na kuganda huiharibu vilevile, tena mara nyingi pasipo dalili ya kuonekana kwa macho. Mgonjwa hujidunga kipimo kilekile alichoandikiwa, sukari ikapanda, naye akadhani ugonjwa umezidi. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, dawa iliyoharibika ni sawa na kukosa dawa, na kukosa dawa huua. Kwa hiyo mahali pa kuiweka chupa ni sehemu ya tiba.

Chupa isiyofunguliwa hutunzwa katika nyuzi za sentigredi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa, aina nyingi hutumika kwa muda wa wiki 4 mahali pa baridi pasipopigwa na jua. Andika juu yake tarehe ya kuifungua.

Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, ubaridi wa mlima humsaidia mgonjwa. Asiye na jokofu atie chungu kidogo ndani ya kikubwa, ajaze mchanga katikati, na kuulowesha asubuhi na jioni. Chupa ikae ndani ya kopo kavu lenye mfuniko. Kisha chungu kifunikwe kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini penye upepo, mbali na mafiga. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Hata hivyo, chungu hakifikii ubaridi wa jokofu: kitumike kwa chupa iliyofunguliwa, na akiba ibaki katika jokofu la zahanati iwezapo kuipokea.

Hatari huongezeka safarini, kwa kuwa Muheza na Tanga kuna joto kuliko mlimani. Beba dawa mkononi ndani ya chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi, kisha ikamwagwa na kukaushwa. Usiiweke karibu na injini ya gari, wala usiigusishe barafu.

Mchuma chai naye akumbuke kwamba kupanda miteremko hushusha sukari. Asijidunge akaenda shambani bila kula. Akitetemeka na kutoka jasho jembamba, anywe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu, awahishwe hospitali.

Sukari ikipanda pasipo sababu, usiongeze kipimo wewe mwenyewe. Nenda kliniki na chupa yako, umweleze mhudumu ilikolazwa na ilikopitia.