Dipoziti Gani? Angalia Neno Lililo Kando Yake

Ukitafuta nyumba Kawangware, Riruta au Waithaka, Nairobi, hutapita hatua mbili kabla ya kuulizwa dipoziti. Neno hilo liko pia kwa ajenti wa M-Pesa, benki na sacco. Kujua kama pesa zako zitarudi, soma neno linaloandamana nalo.

Tuanze na nyumba, maana hapo ndipo watu huumia. "Rent deposit" ni amana anayokushikia mwenye nyumba, kwa kawaida sawa na kodi ya mwezi mmoja. Chumba kikiwa cha shilingi 5,000, utaingia na 10,000, kodi na amana. Risiti ikisema "refundable", utarudishiwa ukihama, pengine baada ya kukatwa za rangi au kioo ulichovunja. Ikisema "non-refundable", ukishalipa umeziaga. "Booking deposit" ni ya kushikiwa chumba: usitume hata shilingi kabla hujaingia chumba chenyewe, ukafungua mfereji na kuonana na keateka. Picha za Facebook hazitoi maji. "Viewing fee" nayo si dipoziti kamwe. Ni malipo ya ajenti ya kukutembeza.

Utajilinda vipi? Siku ya kuingia, piga picha kuta, kufuli na mita ya stima. Lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki, au udai risiti yenye tarehe, namba ya chumba na neno "refundable". Ukitaka kuhama, toa notisi kwa maandishi, na mapema.

Akikataa kukurudishia? Mwandikie kwanza, kisha mpeleke kwa chifu awasikize. Ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ada ya kufungua kesi utaambiwa kwenye masjala ya mahakama.

Kwa ajenti wa M-Pesa, "deposit" ni kuweka pesa kwenye simu yako. Ni bure, kinachokatwa ada ni kutoa. Nenda na kitambulisho.

Benki ikikuambia "fixed deposit", pesa zitafungiwa kwa muda mliokubaliana zikizaa riba, na riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15. Ukizitoa kabla ya wakati, unaweza kuikosa riba. Benki ikianguka, shirika la bima ya amana, KDIC, hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja.

Sacco ndiyo yenye jina la kutisha: "non-withdrawable deposits". Usishtuke. Huwezi kuzitoa ungali mwanachama, ila ndizo zinazokupimia mkopo, na ukijiuzulu unarudishiwa, kwa kawaida baada ya notisi ya siku 60 na kukatwa madeni yako. Zisizorudi ni "share capital". Hizo, ukitaka kuondoka, unamtafuta mwanachama mwingine azinunue.