Ndoo ya cheri, nizifanyeje?

Swali: Dada, Julai hii tulikwenda kuchuma cheri shambani hapa Michigan, tukarudi na ndoo nzima. Tumekula mpaka basi. Nyingine kali kama ukwaju. Nizifanyeje?

Jibu: Kwanza zitenge. Zilizoiva hadi wekundu mweusi, ngumu na tamu, kama aina ya Bing, zile hivyo hivyo. Ziweke kwenye friji na vikonyo vyake, na usizioshe mpaka saa ya kula.

Zile nyekundu ang'avu zenye ukali huenda ni Montmorency, maarufu sana huko kwenu. Hizo ndizo za jikoni. Isimamishe cheri kwenye mdomo wa chupa, uisukume kwa kijiti: kokwa hudondoka ndani. Kilo 1 iliyotolewa kokwa ipike kwa gramu 600 za sukari na maji ya limau 1. Koroga mpaka tone kwenye sahani baridi lisitiririke. Paka jamu hiyo kwenye chapati ya moto.

Zinazobaki, pika achari kama ya embe: siki, sukari, chumvi, pilipili. Kando ya pilau, utaipenda.

Ukisaga juisi, toa kokwa zote. Zikisagika hutoa sumu.