Hewa na Damu Zisipokutana Mapafuni

Mtoto mwenye nimonia anapofikishwa kwenye kituo cha afya, mara nyingi mhudumu humbana kidole kwa kifaa kidogo chenye mwanga. Kifaa hicho hupima oksijeni katika damu. Mtu mwenye afya huwa na asilimia 95 au zaidi. Ikishuka chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni bila kuchelewa. Wazazi wengi hushangaa: mtoto anahema mbio, hewa inaingia na kutoka, sasa upungufu unatoka wapi?

Oksijeni huingia kwenye damu pale tu hewa na damu zinapokutana katika vifuko vidogo vya mapafu. Nimonia hujaza baadhi ya vifuko hivyo usaha na maji. Hewa haifiki huko, ila damu huendelea kupita, na huondoka jinsi ilivyokuja, ikiwa na asilimia 75 hivi.

Kwa nini sehemu nzima ya mapafu isifidie? Damu ni kama matatu. Iliyojaa haiwezi kubeba abiria wa ile iliyoondoka tupu. Damu inayopita sehemu nzima hutoka na asilimia 98 hivi. Hapo imejaa, hata mtoto aheme namna gani. Theluthi moja ya damu ikipitia sehemu iliyoziba, mchanganyiko hushuka hadi karibu asilimia 90. Kuhema mbio husaidia zaidi kutoa kaboni dioksaidi.

Mwili nao hujitetea: mishipa ya sehemu isiyo na hewa hujibana ili damu ielekee kwingine, ingawa haifungi kabisa. Oksijeni ya mtungi husaidia sana vifuko vilivyoziba nusu, lakini si vile vilivyojaa kabisa. Ndiyo sababu haitoshi peke yake. Dawa ya kuua bakteria lazima ifanye kazi yake, na dozi imalizwe.

Nyumbani hakuna kifaa, lakini saa ipo. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au ulimi na fizi zikigeuka samawati (kwa ngozi nyeusi, huko ndiko huonekana vizuri), apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.