Andika Kabla Mchanga Haujashushwa: Mwongozo wa Upatanishi wa Migogoro ya Ujenzi

Kwa nini tumetoa kijitabu hiki

Malalamiko yanayoletwa kwetu yanafanana kama matofali ya kalibu moja. Mwenye nyumba anadai fundi amekula hela na boma limeishia kwenye lenta. Fundi anajibu kwamba mwenye nyumba aliongeza chumba na baraza, kisha akagoma kulipa. Tukiuliza maandishi yako wapi, wote wawili wanasema: "Tulielewana." Ugonjwa ndio huo.

Upatanishi ni nini?

Ni mazungumzo yanayoongozwa na mpatanishi asiye na upande. Hatoi hukumu, uamuzi ni wenu. Usiuchanganye na usuluhishi wa Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, ambako msuluhishi hutoa tuzo inayowabana wote, aliyeridhika na aliyenuna.

ONYO: kazi za nyongeza

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatambua hata makubaliano ya mdomo, na wengi hujidanganya kwa hilo. Kukubalika si kuthibitika. Kila nyongeza, hata dirisha moja, iandikwe:

1. kazi yenyewe na vipimo vyake;
2. bei, na nani ananunua vifaa;
3. siku zinazoongezeka;
4. tarehe na sahihi za pande zote mbili.

Daftari la kaunta linatosha. Mkikubaliana kwa ujumbe wa simu, msiufute. Tunarudia: andika kabla mchanga haujashushwa, si baada ya kupaua.

ONYO: usifiche ufa

Usibomoe wala kupiga lipu juu ya kasoro inayogombaniwa kabla haijapigwa picha na kupimwa na mtaalamu. Ukishaifunika, umefunika na ushahidi wako. Palipo na hatari ya kuanguka, ondoa watu kwanza.

ONYO: muda haukusubiri

Chini ya Sheria ya Ukomo, dai la mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6. Ahadi za "njoo wiki ijayo" hazisimamishi muda huo, wala vikao vya kupatana.

Nani anaweza kuja?

Mwenye jengo, fundi, mkandarasi na msambazaji wa vifaa, mradi upande wa pili ukubali kuketi. Mkandarasi alete cheti cha usajili. Masharti mengine yako kwenye fomu ya maombi ya upatanishi, isome.

Siku ya kikao

Njoo na mkataba, stakabadhi, michoro na picha za kila hatua. Aje mtu mwenye mamlaka ya kukubali na kulipa. Usimtume shemeji atakayesema "nitamuuliza kaka."

Mkipatana, msiondoke bila makubaliano yaliyoandikwa: nani atarekebisha nini, nani atalipa kiasi gani, na lini. Msaini hapohapo. Kama kesi ilishafunguliwa, yapelekeni mahakamani yaingizwe kwenye kumbukumbu ili yawe na nguvu ya amri.

Neno la mwisho

Ofisi hii inajivunia migogoro iliyokwisha kwa kushikana mikono. Lakini tusidanganyane: walioshikana mikono ni wale waliokuja na karatasi. Waliokuja na kumbukumbu za kichwani tumewasikiliza siku nzima, wakaondoka wakiwa na hasira ileile. Fundi akikwambia, "Bosi, usijali, tutaelewana," mpe kalamu.