Jalada la Mgonjwa na Utafiti wa Maradhi ya Moyo

Tumtazame mama mmoja wa mfano, mkulima wa pamba wilayani Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Mwezi wa Januari apimwa katika zahanati ya kijiji na kuonekana ana shinikizo la juu la damu. Mwezi wa Mei aenda hospitali mjini Bariadi, miguu imevimba. Mwezi wa Septemba apelekwa Bugando, Mwanza, moyo ukiwa umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Ameandikwa mara tatu. Je, nani aliyetambua kwamba hao watatu ni mtu mmoja?

Mfumo wa MTUHA, ulioanza katika miaka ya 1990, hujumlisha mahudhurio ya kila mwezi. Jumla hiyo yafaa sana katika kuagiza dawa, lakini mtafiti wa moyo haimtoshi. Tuseme miongoni mwa watu wazima 10,000 yaliandikwa mahudhurio 600 ya shinikizo la damu kwa mwaka. Ikiwa kila mgonjwa alikuja mara moja, wagonjwa ni asilimia 6. Ikiwa kila mmoja alikuja mara nne, wagonjwa ni 150, yaani asilimia 1.5. Jumla peke yake haitwambii lipi ni kweli.

Jalada la kompyuta humfuata mtu, si hudhurio. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba wameunganisha majalada ya watu zaidi ya milioni 54 ili kuchunguza maradhi ya moyo na UVIKO-19. Waliweza kwa kuwa kila mgonjwa huko ana namba moja ya afya.

Wala hatuwezi kuazima tu matokeo yao. Katika uchunguzi wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, uliofanywa Muhimbili mwaka 2012 na 2013, shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa asilimia 45. Kuziba kwa mishipa ya moyo, chanzo kikubwa huko Ulaya, kulikuwa asilimia 9 tu.

Hospitali zetu za serikali zimeanza kutumia mifumo ya kompyuta kama GoTHOMIS. Kazi ngumu ni kuunganisha. Usukumani jina Ng'washi karani mmoja huliandika hivyo, mwingine huandika Mwashi; na umri wa kukisia hupenda kuishia kwenye sifuri au tano. Kompyuta huona watu wawili. Kinyume chake, akina Masanja wawili wa kijiji kimoja huweza kufanywa mmoja, na kosa hili naliona baya zaidi, maana huchanganya dawa za watu. Jina lenyewe mtafiti hana haja nalo: hupewa namba ya siri badala yake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Tena shinikizo la damu mara nyingi haliumi. Asiyepimwa hana jalada, hata kama ni mgonjwa.

Zoezi: Kituo kimeandika mahudhurio 480 kwa mwaka. Nusu ya wagonjwa walikuja mara 2 kila mmoja, nusu mara 6. Wagonjwa ni wangapi? Je, jibu litabadilikaje ikiwa 10 kati yao wameandikwa kwa majina mawili mawili?