Kabla Hujalipa Kodi Mwanza, Mtafute Muuza Maji

Juzi usiku mdogo wangu wa Tanga kanitumia picha ya nyumba. Vigae vinang'aa, jipsamu ya maua darini, geti jeusi jipya. Chini ameandika: "Dada, tumepata Mwanza. Kesho tunalipa miezi sita." Yeye na mumewe wameshatoa notisi kazini. Niliacha chai mezani nikampigia saa ile ile, maana geti lile nalijua. Si lile lenyewe, lakini ni ndugu yake.

Mimi na baba Neema tuliacha kazi Dar es Salaam Septemba 2024. Mimi nilikuwa mhasibu, yeye fundi wa majokofu hotelini. Tulichagua Mwanza kwa sababu samaki wa ziwani hawezi kungoja: kila mwenye friza la sato na sangara atamhitaji fundi siku moja. Hesabu hiyo haikutuangusha. Kilichotuangusha ni nyumba. Nilimwahidi mdogo wangu kumwandikia hatua zote, na kwa kuwa wengine pia huniuliza, naziweka hapa.

Ya kwanza ni kazi. Notisi itolewe kwa maandishi, nanyi mbaki na nakala. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka siku 28. Msitegemee fao la kukosa ajira, lile ni la aliyeachishwa, si la aliyeacha mwenyewe.

Ya pili ni mizigo. Sisi wenyewe tulipanda treni ya SGR hadi Dodoma, na naisifu bila kusita: Neema alilala njia nzima. Tukamalizia kwa basi. Vitu tulivipakia kwenye lori la mtu aliyetutajia bei kwa simu bila kuuona mzigo. Alipofika Shinyanga akapiga na bei nyingine, kabati na kitanda changu vikiwa juu ya gari lake. Tukalipa. Bei iandikwe, mzigo ukiwa umeshaonekana, na nusu ya hela ibaki mkononi mwenu hadi mshushe.

Ya tatu ni nyumba, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Dalali wetu alichukua 20,000 ya kutuonyesha, akatupandisha mlimani. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba zimekaa juu ya majabali kama ndege juu ya mti, na ukisimama barazani unaliona ziwa lote. Nilisimama pale nikapenda. Baba Neema, fundi asiyeamini maneno, akafungua bomba la uani. Maji yakaruka mpaka yakamlowesha viatu. Tukatazamana. Tukalipa 250,000 mara sita, na 250,000 nyingine ya dalali.

Siku ya tatu bomba likakohoa, likanyamaza. Likaja tena baada ya wiki, saa nane usiku, nusu saa tu. Jirani akanieleza kwa upole: maji ya mji huu yanavutwa ziwani na kusukumwa kupanda milimani, na sisi wa juu tunafikiwa mwisho. Siku tuliyoletwa ilikuwa siku yetu ya mgawo. Dalali aliijua. Mwenye nyumba aliijua. Nilipomfuata kuomba anirudishie hata miezi mitatu, alinijibu kwamba bomba lipo na mimi nililiona. Neno hilo bado linaniuma. Unaishi unalitazama ziwa asubuhi hadi jioni, na mtoto unamwogesha kwa kopo.

Tukawa tunanunua maji. Dumu la lita 20 lilikuwa shilingi 500, na sisi tulimaliza manane kwa siku. Mwezi ni 120,000. Kwa hiyo nyumba ya 250,000 ilikuwa nyumba ya 370,000, na hakuna aliyetuambia.

Aliyetuletea maji ni kijana mwenye baiskeli ya madumu sita ya njano. Asubuhi moja tairi lilimpasukia mbele ya geti letu. Baba Neema akamsaidia kuziba, mimi nikampa uji. Nikamwuliza kwa kupitisha muda tu, anazunguka wapi na wapi.

"Ninapandaga huku juu, mama. Kule chini nyuma ya msikiti sipitagi. Hawanunuagi."

Nikaliweka kikombe chini. Hawanunuagi! Miezi mitano nilikuwa nimehoji madalali, wenye nyumba na majirani, na kumbe jibu lilikuwa likipita getini kwangu kila siku likisukuma baiskeli. Dalali anaishi kwa wewe kulipa. Mwenye nyumba vilevile. Muuza maji anaishi kwa bomba lako kukauka, kwa hiyo analijua kuliko wewe, na hana sababu ya kukuficha.

Jioni ile nikashuka nyuma ya msikiti. Nyumba saba kwenye mstari mmoja, sakafu ya saruji nyekundu, madirisha ya mbao. Hakuna aliyeziweka kwenye picha. Sikuangalia ukuta, niliangalia uani. Chini ya bomba zege lilikuwa limeota ukungu wa kijani, na maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yamechimba mfereji mpaka kwenye tuta la mchicha. Uani kote niliona dumu moja, nalo lilikuwa na maharage ndani. Kule kwetu juu kila mlango ulikuwa na madumu matano yamepangwa kama wanafunzi mstarini.

Nikamsalimia bibi mwenye nyumba, "Mwadila", akafurahi mgeni kujitahidi Kisukuma. Chumba na sebule vilikuwa vinaachwa mwisho wa mwezi. Kodi 180,000, miezi mitatu tu, bila dalali. Siku iliyofuata nikarudi alfajiri, nikarudi tena saa tatu usiku. Bomba lilitoka mara zote mbili. Tukahamia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, njooni kwanza mlale nyumba ya wageni wiki moja, kabati libaki Tanga. Mkipenda mtaa, simameni njiani asubuhi mpaka muuza maji apite. Nunueni dumu moja hata kama hamna pa kulipeleka, kisha mwulizeni wapi hapitagi. Mambo ya mkataba, luku na shule nitawaandikia mkishafika. Hayo yana dawa. Nyumba iliyolipiwa miezi sita haina.

Alinisikiliza, hakulipa. Wanakuja Jumamosi.

Kijana yule bado napishana naye asubuhi nikimpeleka Neema shule. Ananipita njiani madumu yamejaa, ananisalimia "Mwangaluka, mama," na wala hapunguzi mwendo.