Dola 3,900, na siku ya 16 je?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 38 na watoto watatu, wawili nimewazaa kwa upasuaji. Nauza mitumba Tangamano. Tumbo limeninyima raha. Nikivaa dera naulizwa mimba ya miezi mingapi. Wifi yangu anayekaa Muscat alikwenda Istanbul, akarudi na kiuno cha mwari. Amenipa namba ya wakala wa Dar. Anataka dola 3,900, anasema kila kitu kimo: kunyonya mafuta tumboni, tiketi, hoteli siku tano. Nikiongeza dola 800, mafuta hayo hayo yanahamishiwa nyuma. Nina milioni saba za mchezo na kikoba, milioni tatu na kidogo nitakopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, nilipe ndani ya miezi kumi. Baba watoto hajui. Je, bei hiyo ni ya haki?*
*Mama Watatu, Ngamiani, Tanga*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana swali lako ni la mfanyabiashara nami nitalijibu kibiashara. Wewe unayefungua belo unajua kwamba pesa unayomlipa tajiri wa mzigo siyo gharama ya mzigo. Bado kuna usafiri, ushuru wa soko, na zile nguo za chini ya belo ambazo hata ukizigawa bure hazina mwenyewe. Wakala amekutajia bei ya belo.

Ila kabla ya hesabu, tuitazame bidhaa. Huyo wakala hajakugusa tumbo. Daktari wa huko naye hajakugusa, labda ameona picha uliyotuma kwa simu. Sasa fanya hivi leo usiku: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu kidogo ya kitovu. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati kama kwenye mfereji, huenda misuli ya tumbo lako iliachana wakati wa mimba na haijarudiana. Hutokea kwa wanawake wengi waliozaa. Tumbo la namna hiyo hutokeza mbele hata kwa mwanamke mwembamba, na kunyonya mafuta hakulirudishi ndani, kwa sababu kinacholisukuma si mafuta. Dawa yake ni mazoezi maalumu ya misuli ya ndani, au upasuaji mwingine kabisa wa kukaza misuli na kukata ngozi iliyolegea. Upasuaji huo ni mrefu zaidi, una kovu la nyonga hadi nyonga, na bei yake si hiyo uliyotajiwa.

Inawezekana pia ni ngiri. Hapo ndipo naogopa hasa, kwa kuwa mrija wa kunyonyea mafuta hupitishwa chini ya ngozi bila daktari kuona ncha yake inakokwenda. Penye ngiri au makovu ya zamani, kama yako mawili, utumbo unaweza kutobolewa. Panda bajaji uende hospitali ya Bombo, uonwe na daktari wa upasuaji. Ikiwa ni ngiri, hayo ni maradhi wala si urembo, na bima huyatazama kwa jicho jingine. Kwa urembo mtupu usitegemee bima. Mfuko ni wako.

Haya, hesabu. Tuseme dola ni shilingi 2,600. Dola 3,900 ni shilingi 10,140,000. Mkopo wa milioni tatu kwa riba hiyo, kama riba inapigwa kwenye mkopo wote kila mwezi, ni laki tatu kwa mwezi. Kwa miezi kumi umelipa milioni tatu nyingine juu ya zile ulizochukua. (Mikopo hii watu hawakuiita kausha damu kwa mzaha.) Kisha kazi yako. Belo la kilo 45 halishikwi na mtu aliyetoka kupasuliwa. Baada ya kunyonywa mafuta utakatazwa kuinua vizito kwa wiki kadhaa, na kama utakazwa misuli, hesabu wiki sita au zaidi. Hukuniambia faida yako, nami nakisia shilingi 40,000 kwa siku, siku sita za wiki. Wiki sita ni 1,440,000 ambazo hazitaingia, huku marejesho ya mkopo yakiendelea. Tumeshafika 14,580,000 na hatujagusa viza, vipimo vya damu, sukari na moyo kabla ya kusafiri, nguo za kubana mwili, dawa, wala nauli ya mtu wa kukusindikiza. Maana mtu aliyetoka kwenye nusukaputi katika mji asiojua lugha yake hakai hotelini peke yake.

Hizo siku tano nazo zinanitia shaka. Waingereza, ambao watu wao humiminika Uturuki kwa mambo haya, hushauriwa na madaktari wao wasipande ndege mpaka zipite siku tano hadi saba baada ya kunyonya mafuta, na saba hadi kumi baada ya kukaza tumbo. Sababu ni damu kuganda miguuni. Donge likichomoka likaenda mapafuni, mtu anaweza kufa akiwa amekaa kitini. Istanbul hadi Dar ni saa saba na ushee angani, halafu kuna basi la kilomita 350 hadi Tanga. Kwa hiyo siku tano za wakala zinahesabiwa kuanzia lini, unapotua au unapotoka chumba cha upasuaji? Kila usiku wa ziada ni wako.

Tukija kwenye dola 800 za kuhamishia mafuta nyuma, hapo sina maneno mengi: usifanye. Mwaka 2017 madaktari bingwa wa upasuaji huu walikadiria kwamba katika kila watu 3,000 waliofanyiwa, mmoja alikufa, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake wausimamishe. Makalio yana mishipa mikubwa ya damu. Mafuta yakiingia humo huishia kwenye moyo na mapafu. Mbinu zimebadilishwa tangu hapo, lakini kitu cha namna hiyo hakiuzwi kama nyongeza ya soda kwenye sahani ya wali.

Usidhani pia kwamba fedha nyingi ndiyo kinga. Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki Oktoba 2005 baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta kwenye kliniki ya Marbella, Hispania, na daktari wake alihukumiwa mwaka 2009. Wala si ughaibuni tu. Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki ile.

Sasa nifike panaponikosesha usingizi: siku ya 16 baada ya upasuaji. Umesharudi Ngamiani. Asubuhi unaamka una homa, upande mmoja wa tumbo umevimba, shuka lina majimaji. Wakala hapokei simu. Wifi Muscat anakuambia yeye halikumtokea hilo. Utakwenda Bombo na watakupokea, lakini daktari wa zamu atafungua kidonda asichokifunga yeye, bila kujua mwenzake alifanya nini ndani. Na kama kuna la kurekebisha, utarudi Istanbul kwa tiketi ya nani?

Kama baada ya Bombo moyo wako bado uko pale pale, nami sikulaumu, mwili ni wako, nenda kaulize Mloganzila kwanza. Tawi hilo la Hospitali ya Taifa Muhimbili lilianza upasuaji wa urembo mwaka 2023. Basi la Tanga likipita Chalinze linapita Kibamba, karibu na hapo, kabla ya kufika stendi ya Magufuli, Dar. Huenda bei isikufurahishe, ila siku ya 16 utaonwa na aliyekupasua, na mtaelewana kwa Kiswahili.

Kuhusu baba watoto, sitakuhubiria. Lakini fomu ya hospitali itauliza jina la ndugu wa karibu na namba yake ya simu. Utaandika ya nani? Na hukumu ya dini kaulize kwa sheikh au ustadhi unayemwamini, mimi sitoi fatwa gazetini.

Milioni saba zako ziache kwenye kikoba. Leo mtumie wakala ujumbe: jina kamili la daktari na la hospitali, nani hulipa nikipata usaha baada ya kurudi, na je, nitapewa taarifa ya upasuaji kwa Kiingereza niondoke nayo mkononi? Ajibu kwa maandishi, si kwa sauti. Kisha niandikie tena uniambie amesemaje, na vidole vilizama kiasi gani.